Springi ya Bondia wa Chupani

Siku niliyoripoti kazini nilishuka stendi ya Bariadi nikiwa nimekumbatia chupa kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Ndani yake alikuwamo mnyama wa baharini, mrefu kuliko kiganja changu, amelala kwenye fomalini, ile dawa inayozuia mzoga usioze. Tangu Mwanza nilikuwa nikikagua kifuniko kila basi lilipoingia shimoni. Nilikuwa nimehitimu chuo kikuu mwaka uleule, na safari nzima nilijiuliza kama ni sawa mwalimu mpya kufika kazini na chupa mkononi. Nilifikiria kuificha ndani ya khanga. Halafu nikafikiria kwamba mwalimu anayeficha kitu siku ya kwanza ataonekana mbaya zaidi. Nikaingia nayo ofisini hivyohivyo.

Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda Dutwa. Wakulima wa pamba ndio walioijenga kupitia ushirika wao, na ushirika huo ndio uliokuwa ukinunua gesi ya maabara. Mkuu wa Shule, mzee mrefu mwenye sauti ya taratibu, alinipokea kwa kusimama, jambo lililonitia hofu zaidi.

"Umetuletea nini, Madam Kulwa?"

"Kamba wa baharini, Mkuu. Lakini si kamba hasa. Ni jamaa yake wa mbali."

"Analiwa?"

"Wapo wanaomla, Mkuu. Lakini huyu yuko kwenye dawa, kwa hiyo mtu akimla anaweza…"

"Madam, nakutania. Mpeleke maabara kwa Mwalimu Masunga."

Masunga alikuwa Mkuu wa Idara ya Sayansi, na idara nzima ilikuwa yeye, na sasa mimi. Alifundisha fizikia. Umri ulikuwa wa baba yangu mdogo, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, na mfukoni alikuwa na bisibisi mahali ambapo wenzake waliweka kalamu. Nilipomwamkia kwa Kiswahili cha chuo alinijibu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Madam. Mhola?"

"Mhola duhu, Mwalimu."

"Ah, kumbe ni wa kwetu. Weka huyo mtu mezani tumwone."

Nilimweleza, na ninyi walimu vijana mtakaosoma haya nawaeleza vilevile. Mnyama huyu ana mikono miwili ya kuwindia, ambayo huikunja chini ya kifua kama vunjajungu anavyokunja miguu yake ya mbele. Wapo wa aina mbili. Wa kwanza mikono yao ina miiba, hao huchoma samaki wanaopita. Wa pili, kama wangu, wana kifundo kigumu mwishoni, mfano wa rungu, nao huvunja konokono na kaa. Nilikuwa nimemwona mmoja akiwa hai mara moja tu, nilipofanya mazoezi ya utafiti kisiwani. Mtaalamu aliyenisimamia aliweka konokono ndani ya tangi. Nikakodoa macho. Nilimwona konokono mzima, kisha nikaona vipande vya gamba, na kati ya hayo mawili sikuona kitu. Kwa muda nilidhani nilipepesa macho. Mtaalamu akaniambia hata nisingepepesa nisingeona, kwa sababu pigo lile huisha kabla jicho la mtu halijaanza kupepesa. Nilipomaliza mazoezi alinipa mnyama mmoja aliyekufa, awe kumbukumbu.

Masunga alisikiliza mikono ikiwa mgongoni. Kisha akauliza swali ambalo nilikaa nalo maisha yangu yote ya kazi.

"Anapiga kwa kitu gani?"

"Kwa msuli, Mwalimu. Misuli miwili inabana kwa pamoja, mmoja unakunja mkono, mwingine unataka kuukunjua. Kuna vijigamba vigumu vinavyoushika mkono usitoke, kama komeo la mlango. Komeo likiachia, mkono unatoka."

"Ndani ya maji?"

"Ndani ya maji."

"Haiwezekani." Alisema bila ukali, kama mtu anayesema mvua haitanyesha leo. "Msuli ni mvivu, Madam. Ukiwa na nguvu hauna kasi, ukiwa na kasi hauna nguvu. Chukua jiwe ulitupe kwa mkono. Sasa lirushe kwa manati. Mkono ni uleule. Huyu ana manati mahali. Kuna kitu kinapindwa polepole, kinatunza nguvu, komeo likiachia kinarudi ghafla. Mahali fulani mwilini mwake kuna springi."

"Vitabu vyangu havikusema ilipo."

"Basi tumfungue tuangalie. Mkono mmoja tu. Anao miwili."

Nikamwambia tusubiri. Nilisema ni spesimeni pekee tuliyo nayo, na kweli kabati lile halikuwa na kingine zaidi ya nyoka aliyepauka na mifupa ya ndege. Masunga akakubali. Alikuwa mtu wa kukubali haraka, na mimi nilikuwa mtu wa kusubiri.

Wanafunzi walimwita yule mnyama Bondia. Walikuwa watoto wa wakulima na wafugaji kutoka Dutwa, Lalago na vijiji vya huko ndani, wengi hawajawahi kuona bahari. Lakini manati waliijua, na mtego wa kanga waliujua kuliko mimi. Katika mtego ule mti mbichi hupindwa polepole mpaka chini, hufungwa kwa kijiti chepesi, na ndege akigusa kijiti mti unaruka. Masunga aliutumia kufundisha nishati, yaani uwezo wa kufanya kazi: namna unavyoweza kutunzwa katika kitu kilichopindwa na kutolewa mara moja. Mimi nikafuata na Bondia wangu. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho katika kazi yangu kuona fizikia na biolojia zikifundishwa kama somo moja. Vipindi vile watoto walikataa kutoka kengele ikilia.

Kisha wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia. Redio ilisema soko limekuwa huria, na sisi tuliona malori mapya yakipita na mizani zao nyuma. Wakulima walifurahi kwanza, kwa sababu walilipwa papo hapo. Lakini mchango uliokuwa ukikatwa na ushirika kwa ajili ya shule haukuwa na wa kuukata tena. Gesi ikaisha, haikuletwa nyingine. Pampu ya maji ikaharibika, ikabaki hivyo. Mkuu wa Shule alituita akatuambia bila kuzunguka.

"Mkaguzi wa Kanda anakuja. Shule zisizo na maabara zitanyang'anywa mchepuo wa sayansi. Kabati likaguliwe, meza zipigwe sabuni, na huyo kamba wenu awe mbele."

Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Kidato cha tatu walikuwa na watoto ambao bila mchepuo ule wangebaki na masomo ya sanaa na kilimo, na kwao kuhamia shule nyingine ya sayansi ilikuwa sawa na kuhamia nchi nyingine. Nilikipaka kifuniko cha Bondia nta ya mshumaa. Nilimwandikia lebo, nikaichana, nikaandika nyingine, nikahofia kwamba mwandiko umepinda.

Masunga alikuwa na mpango tofauti. Kiwandani kulikochambuliwa pamba aliokota ukanda wa chuma, ile tepu ngumu inayofunga marobota, akautengenezea mkono wa mbao. Ukanda ule aliupinda mgongoni mwa mkono, ukawa umeinuka mbele na nyuma na kubonyea katikati. Ukivuta mkono nyuma, ukanda unazidi kupinda, na komeo la msumari linaushika. Ukigusa msumari, mkono unaruka na kugonga.

"Sasa ninachotaka kujua," aliniambia, "ni yeye kaweka wapi ukanda wake. Fungua chupa, Madam. Mkaguzi akija tumwonyeshe springi yenyewe, watoto waiguse, wamweleze wao. Hiyo ndiyo maabara."

"Tukimkata, Mkaguzi atakuta mzoga uliokatwa."

"Atakuta mzoga uliosomwa."

Nilikaa na sentensi hiyo siku nyingi. Nilifikiria wembe utateleza. Nilifikiria tutakata pasipo. Nilifikiria Mkaguzi atauliza kwa nini spesimeni pekee ya shule imeharibiwa, na nani aliruhusu. Niliwaza vizuri sana, na chupa ikabaki imefungwa.

Mkaguzi alikuwa mtu mnene, mpole, aliyechoka kwa safari. Aliugusa mtungi wa gesi kwa ncha ya kiatu, ukalia kama ngoma. Akafungua bomba, likakohoa hewa. Akaketi, akaletewa chai, akaelekeza kijiko kwenye chupa.

"Na huyu anafanya nini?"

Darasa zima liliniangalia mimi.

"Inategemea, Mheshimiwa. Kuna wanaochoma na wanaopiga. Huyu tunaamini ni wa kundi la pili, ingawa rangi yake imepotea kwenye dawa, na kuhusu namna anavyopata kasi kuna maelezo ambayo hayajakamilika, maana misuli peke yake kwa hesabu…"

"Madam. Nimeuliza anafanya nini."

Nilifungua mdomo na maneno yote yalikuwepo, yamebanana. Masunga akaweka mkono wake wa mbao mezani, akaweka gamba la konokono mbele yake, akamwambia mtoto wa dawati la kwanza, "Achia." Mkono ukaruka. Gamba lilipasuka na kipande kimoja kikaingia ndani ya chai ya Mkaguzi.

Mkaguzi akakitoa kile kipande kwa kijiko, akakitazama, kisha akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Kamba wenu wa mbao anafanya kazi kuliko bomba lenu."

"Na springi ya wa kweli, Mheshimiwa, bado hatujaiona," Masunga alisema. "Tumemtunza tu."

"Mwalimu, umenifurahisha. Lakini siwezi kuandika kwamba watoto watafanya mtihani wa kemia kwa mtego wa kanga."

Hakuwa mtu mbaya. Aliandika alichokiona, na alichokiona kilikuwa chumba kisicho na gesi wala maji. Mchepuo ulifutwa. Kwa miaka mingi nimejiuliza kama angeandika vingine iwapo watoto wangesimama mmojammoja na kumwekea ile springi kiganjani. Huenda asingeandika vingine. Lakini wao wangekuwa wameigusa.

Juma lililofuata Masunga alinikuta maabara nafuta meza ambazo hazikuwa na kazi tena.

"Wamekwisha kutunyang'anya. Sasa unamtunzia nani?"

Nikamwambia nitamwandikia yule mtaalamu wa kisiwani, nimuulize mahali pa kukata. Nilitaka tukate kwa uhakika. Alinitazama, akatabasamu upande mmoja.

"Haya, mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma. "Andika."

Nikaandika. Posta ya wakati ule mnaisikia tu. Kabla sijajibiwa, Mkuu wa Shule alimwambia Masunga kwamba fizikia haipo tena, achukue Uraia. Alifundisha Uraia kipindi kimoja. Kisha akaaga, akaenda Dutwa kuwa karani wa mizani kwa mnunuzi binafsi wa pamba. Nilimkuta huko msimu uliofuata, amesimama chini ya ile mizani ya kuning'iniza, gunia linabembea, wakulima wamemzunguka wakimtania kwamba mwalimu anapima mpaka pumzi.

"Madam!" aliniita juu ya vichwa vya watu. "Unaona? Wamenibakishia springi moja tu." Akaigonga mizani kwa bisibisi. Kisha akasogea karibu. "Vipi, amejibu?"

"Alijibu, Mwalimu."

"Akasemaje?"

"Nikate tu popote, na nikiona kitu nimjulishe."

Alicheka sana. Mimi sikuweza. Nilimwahidi nitakuja na chupa siku isiyo ya soko, tukae vizuri. Alisema yeye yupo, haendi popote.

Nilihamishiwa Lalago muda si mrefu baadaye. Huko nilifundisha biolojia na hesabu chini ya Mkuu wa Shule mkali aliyetaka maandalio ya somo yaandikwe kwa wino mweusi tu. Mkoa wetu ulipozaliwa nikapelekwa Lagangabilili, ambako ofisi mpya za wilaya zilikuwa bado zinanuka rangi, nikawa Mwalimu wa Taaluma. Walikuja wakubwa wengi, wengine wema, mmoja alinifundisha kuandika barua fupi, jambo ambalo sikuliweza kabisa. Kila nilikohamia, Bondia alihama nami. Nilimwongezea fomalini. Nilimfundishia. Kila mwaka niliwaambia watoto kwamba inadhaniwa kuna springi, na kila mwaka palikuwa na sababu ya kutomfungua: mtihani, ukaguzi, darasa lijalo litakuwa zuri zaidi.

Nilistaafu nikarudi kuishi Bariadi. Siku moja mtoto wa mdogo wangu alinionyesha simu yake: "Shangazi, si huyu yule wa chupani kwako?" Ilikuwa video iliyopunguzwa mwendo. Kwa mara ya kwanza nikaona kile ambacho jicho langu lilikosa kisiwani. Mkono umekunjwa, umetulia. Kisha unatoka, na maji yenyewe yanashindwa kuufuata, yanapasuka na kufanya vipovu mbele ya konokono. Vipovu vile vinapojifunga vinatoa kishindo chao, kwa hiyo konokono anapigwa mara mbili kwa ngumi moja. Halafu wakaonyesha mchoro wa mkono. Kwenye mgongo wake, katika gamba gumu lenyewe, palikuwa na kipande kilichoinuka mbele na nyuma na kubonyea katikati kama siti ya baiskeli. Misuli hukibana polepole, kisha huachiwa ghafla. Hiyo ndiyo springi. Lilikuwa umbo la ukanda wa robota wa Masunga.

Niliambiwa walioigundua waliichunguza miaka ileile nilipokuwa Lalago, chupa iko juu ya kabati langu.

Jioni hiyo niliweka gazeti juu ya meza ya jikoni, nikakata kwa wembe. Haikuwa kazi ngumu. Nilikuwa nimeogopa kazi ya dakika chache kwa miaka yote ile. Kipande kilitoka, kidogo kuliko nusu ya mbegu ya pamba. Nikasikia kwamba Masunga bado yupo Dutwa, ila macho yamekwisha. Basi nikaanza kufikiria. Fomalini ni sumu, na yeye atashika kwa mikono mitupu, mzee asiyeona anaweza kujigusa usoni. Nikakiosha kile kipande, nikakiosha tena, nikakianika kivulini kwenye kitambaa mpaka harufu yote ikaisha.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha uani, bisibisi bado mfukoni. Aliijua sauti yangu kabla sijamaliza kumwamkia.

"Madam Kulwa. Umemfungua?"

Hakuuliza habari za nyumbani. Nilimwekea kipande kiganjani, nikamwelekeza kidole. Alikipapasa kwa muda, mbele, nyuma, katikati. Uso wake ukafunguka.

"Kimebonyea katikati," alisema taratibu. "Kama ule wangu."

"Kama ule wako, Mwalimu."

Akakibonyeza ili kirudi. Kikavunjika. Hata mimi nilikisikia.

"Kimevunjika?"

"Kimevunjika." Nikamweleza kuhusu kuosha na kuanika, sumu, macho yake. Nilieleza kwa urefu.

Akavikusanya vipande viwili kwa ncha ya kidole. Kisha akainua uso.

"Huyu ana mikono miwili. Wa pili uko wapi?"

"Uko chupani. Nyumbani."

"Umeuacha kwa ajili ya nani?"

Nilikuwa nimeuacha kwa tahadhari, bila hata kuamua. Nikaanza kusema kwamba kesho, au Jumatatu, nikipata glavu. Yule bodaboda aliyenileta alikuwa bado nje anakunywa maji. Niliinuka katikati ya sentensi yangu mwenyewe, nikaondoka bila kuaga.

Jua lilikuwa linapungua niliporudi na chupa mapajani. Tulikata hapohapo uani, yeye ameshika mkia wa Bondia, mimi wembe. Nilimpa kipande kikiwa kimelowa, kinanuka dawa. Akakibonyeza kwa ukucha, akaachia. Kikarudi, kwa uvivu lakini kikarudi.

Hakucheka kama nilivyotegemea. Alikigeuzageuza kiganjani mpaka mke wake akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

"Wale watoto wa kidato cha tatu," akasema. "Wako wapi?"

Nikamwambia ninaowajua. Mmoja anauza vipuri vya baiskeli hapohapo Dutwa. Mmoja ana ng'ombe wengi kule Lalago. Yule wa dawati la kwanza, aliyeachia mkono wa mbao, anaendesha lori la pamba. Wana familia, wana afya. Hakuna aliyesoma sayansi.

"Walitaka sana kuiona," Masunga alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

Akaendelea kukibonyeza kwa ukucha, na kila alipokiachia, kilirudi.